Uvira: Umeme ukikatika, kompyuta inarudi mwaka 2012

Umeme umerudi asubuhi. Mwenye sekretariati anawasha mashine yake, na kwenye kona ya skrini anasoma Januari 1, 2012. Jana jioni tarehe ilikuwa sawa. Anafungua Chrome ili apakue fomu ya mteja, ukurasa unakataa kufunguka. Anafungua cheti alichokiandika jana, na tarehe iliyo karibu na nafasi ya sahihi imejibadilisha yenyewe. Mlangoni mteja anasubiri. Anataka kuvuka mpaka wa Kavimvira kabla jua halijawa kali, na karatasi yenye tarehe ya 2012 haitamfikisha mbali.

Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, watu wanaoishi kwa kazi ya kompyuta wanaijua hali hii. Wengi wanadhani ni virusi. Wengine wanapeleka mashine kwa fundi wa kwanza wanayempata na kuambiwa: “Papa, carte mère imekufa,” kisha inatajwa bei inayokaribia ile ya mashine nyingine iliyotumika. Mara nyingi carte mère haina ugonjwa wowote. Kilichokufa ni pile ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, ambayo bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya pesa hizo.

Lakini pile hiyo inafungua mlango wa jambo kubwa zaidi. Windows na Linux, ambazo watu wanaziona kama ndiyo kompyuta yenyewe, zinategemea programu nyingine iliyo chini yao, na programu hiyo mara nyingi haisemi ukweli.

Anayeamka kwanza

Mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haiamki kwanza. Inayoamka ni famwea, programu iliyoandikwa ndani ya chipu ya carte mère tangu kiwandani. Zamani iliitwa BIOS, na mafundi wengi bado wanaiita hivyo. Katika mashine mpya jina lake ni UEFI. Ndiyo inayohesabu memori, inayoamsha kibodi na diski, halafu inakabidhi mashine kwa mfumo endeshi pamoja na ripoti: memori iko hapa, batri ina hali hii, feni iko pale, saa ni hii.

Mfumo endeshi unapokea ripoti hiyo kama mkuu mpya wa ofisi anayekabidhiwa daftari za aliyemtangulia. Hana namna ya kwenda kuhesabu kila kitu upya. Na aliyeandika daftari, kwa kawaida, aliandika kwa haraka. Kampuni inayounda laptopu huwa na tarehe ya kuitoa sokoni. Famwea inajaribiwa na Windows ya mwaka huo, ikiwaka inatosha. Baada ya miaka michache kampuni inaisahau kabisa. Mashine zinazofika Uvira zikiwa zimekwisha kutumika, kupitia Dubai, Kampala au Dar es Salaam, mara nyingi ni hizo zilizosahauliwa.

Kati ya mambo yote ambayo famwea inaweza kudanganya, tarehe ndiyo inayowaumiza watu wa hapa zaidi.

Saa isiyojua kusema “sijui”

Kompyuta za aina ya IBM zilianza kuwa na saa yao yenye betri mwaka 1984, ilipotoka ile iliyoitwa PC/AT. Chipu ya saa hiyo iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, jambo lililozaa hofu kubwa dunia ilipokaribia mwaka 2000. Pia haikuwa na mahali pa kuandika kama saa hizo ni za Uvira, za Kinshasa au za London. Kasoro hiyo ya pili ipo hadi leo. Windows inaweka humo saa za mahali ilipo. Linux inapendelea kuweka saa za dunia. Aliyeweka zote mbili kwenye mashine moja mjini Uvira huweza kuona saa ikiruka kwa masaa mawili kila anapotoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa sababu Uvira iko masaa mawili mbele ya saa za dunia. Kinshasa angeona tofauti ya saa moja. Hapo hakuna kilichoharibika, ingawa wapo waliokwisha kulipa ili “kitengenezwe”.

Betri inayoishikilia saa hiyo ni CR2032, ya volti 3, ile ambayo mafundi wanaiita pile tu. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, pile karibu haifanyi kazi. Umeme ukiondoka kabisa, yenyewe ndiyo inayobaki macho. Katika mji ambao umeme haukatiki, pile inakaa miaka mingi. Uvira inapata umeme wa mto Ruzizi, kutoka mabwawa mawili, Ruzizi I la mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la 1989, na kukatika ni jambo la kawaida. Zaidi ya hapo, mtu mwenye akili anachomoa kompyuta yake ukutani kila jioni, kwa kuogopa umeme utakaorudi kwa kishindo usiku. Anafanya vizuri, lakini pile inakesha kila siku. Na ilikuwa imekwisha kuzeeka mashine ilipofika. Joto la ukingo wa ziwa nalo halisaidii.

Pile inapokufa, famwea haisemi “sijui leo ni siku gani”. Inatoa tarehe yake ya kuanzia, mara nyingi ya mwaka ule ilipoandikwa. Baadhi ya kompyuta za mezani huonyesha onyo kwenye skrini nyeusi na kuomba mtu abonyeze F1. Laptopu nyingi zinanyamaza, na Windows inapokea 2012 kama habari ya kweli.

Hapo intaneti inakufa. Kila tovuti yenye ulinzi ina cheti cha utambulisho chenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta iliyo katika 2012 inaona cheti ambacho bado hakijazaliwa, inakataa kuingia. Simu iliyo pembeni, inayopata saa kutoka kwenye mtandao wa Airtel, Vodacom au Orange, inafungua ukurasa uleule bila shida. Mwenye kompyuta analaumu koneksheni na kununua megabaiti nyingine.

Je, Windows haiwezi kuuliza intaneti saa ngapi? Inaweza, na inafanya hivyo. Lakini kwenye kompyuta ya mtu binafsi imewekewa kizuizi: tofauti ikizidi masaa 15, hairekebishi yenyewe, kwa kuogopa kudanganywa na seva mbaya. Tahadhari hiyo ina maana kwa mashine iliyokosea dakika kumi. Kwa mashine iliyorudi nyuma zaidi ya miaka kumi, ni mlango uliofungwa mbele ya mgonjwa.

Microsoft ililiona tatizo. Mwaka 2016 iliingiza ndani ya Windows 10 njia nyingine: kukusanya dalili za saa kutoka kwa seva ambazo kompyuta inazungumza nazo kwa siri, na kukisia tarehe ya kweli. Wazo lilikuwa zuri. Kumbe seva nyingi zilikuwa zimeacha kuandika saa halisi mahali pale na kuweka namba za kubahatisha. Mwaka 2023 iliripotiwa habari ya mhandisi wa Norway ambaye aliona seva, yenye saa nzima isiyo na kasoro, ikiruka siku 55 mbele kwa sababu ya ukisiaji huo. Dawa ya saa mbovu ilikuwa imeharibu saa nzima.

Linux imechagua njia ya unyenyekevu zaidi. Matoleo mengi yanatumia programu iitwayo systemd, nayo inakataa tarehe yoyote iliyo kabla ya siku yenyewe ilipotengenezwa, kwani hakuna programu inayoweza kufanya kazi kabla ya kuzaliwa. Pia inaandika kwenye diski saa ya mwisho iliyoijua. Mashine ikiwaka na famwea ikasema 2012, inaangalia alama hiyo na kuendelea kutoka pale. Ndivyo kompyuta ndogo za Raspberry Pi zilivyoishi, kwani matoleo yake yote kabla ya lile la tano hayakuwa na saa ya betri hata kidogo, na ndizo zinazotumiwa katika shule nyingi duniani kama maktaba zisizohitaji intaneti.

Lakini saa hiyo inachelewa. Mashine inayofanya kazi masaa 8 kwa siku na kuzimwa masaa 16, bila intaneti ya kuirekebisha, inapoteza masaa 16 kila siku. Baada ya siku 30 iko nyuma kwa siku 20. Hakuna atakayeshtuka kama ambavyo angeshtuka kuona 2012. Mwezi unafanana, mwaka ni uleule. Kosa la aina hiyo ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu linaonekana kama ukweli.

Na Uvira ni mji ambao tarehe ina uzito. Kipindupindu kinarudi hapa mara kwa mara. Orodha ya wagonjwa isiyo na siku sahihi haiwezi kuonyesha kama ugonjwa unapanda au unashuka, wala ulianza mtaa gani. Chama cha akiba na mikopo kinahesabu faida kwa wiki. Mwanafunzi anaweka kazi yake ya mwisho wa masomo kwenye USB katika nakala tatu, kisha anashindwa kujua ipi ni mpya, kwa sababu kompyuta mbili kati ya tatu zilizoziandika ziliamini miaka tofauti. Wanaotumia Excel ya Kifaransa wanapenda AUJOURDHUI, inayojaza tarehe yenyewe. Hiyo inauliza saa ya mashine kila faili linapofunguliwa, na jibu lolote inaloambiwa inaliandika.

Orodha ya waongo

Walioandika Linux walikwisha kukubali zamani kwamba famwea haitapona. Basi ndani ya kiini cha mfumo wao wameweka orodha: aina ya mashine, modeli, toleo la BIOS, na uongo ambao mashine hiyo inajulikana nao. Laptopu ikiwaka, kiini kinaangalia jina lake. Kikilikuta kwenye orodha, kinaweka marekebisho yake kimyakimya. Kwenye kumbukumbu ya kuwaka kwa mashine, fundi anayejua kuisoma hukutana na maneno mawili, Firmware Bug, kama karipio la mwalimu kwenye daftari la mwanafunzi.

Kuna jambo la kuchekesha zaidi. Tangu Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba walipotoa utaratibu uitwao ACPI, famwea inaupa mfumo endeshi si ripoti tu bali amri ndogondogo za kutekeleza, kuhusu batri, feni na kulala kwa mashine. Ndani ya amri hizo famwea inauliza: wewe ni mfumo gani? Linux inajibu kwamba ni Windows. Zamani ilikuwa ikijitaja kwa jina lake, lakini watengenezaji walikuwa wameandika majibu ya ovyo kwa jina hilo, au hawakuyajaribu kabisa. Tangu 2007 iliacha. Mfumo unaosifiwa kwa uwazi wake unalazimika kujiita jina la mwingine ili uhudumiwe vizuri, kwa sababu njia iliyojaribiwa kiwandani ni ile ya Windows peke yake.

Memori nayo ina hadithi yake. Mwaka 2008 waliiona famwea ya laptopu fulani ikiandika takataka katika sehemu ya mwanzo ya memori, sehemu ambayo yenyewe ilikuwa imesema iko huru. Ilifanya hivyo mashine inapolala na kuamka, na hata mtu anapochomoa waya wa HDMI. Kwa miaka mingi Linux iliepuka sehemu hiyo. Mwaka 2021 ikaamua kuiacha megabaiti ya kwanza kwa kila mashine, iwe na hatia au haina. Kwa mwenye laptopu ya gigabaiti 4, hiyo ni sehemu moja tu kati ya zaidi ya elfu nne. Ni bei ndogo ya kukaa kwa amani na jirani asiyeeleweka.

Pale mfumo usipoweza kuokoa

Uongo mwingine unaua. Mapema 2013 iligundulika kwamba baadhi ya laptopu za Samsung zilikuwa zinakufa moja kwa moja baada ya kuwashwa na Linux kwa njia ya UEFI. Mwanzoni Linux ililaumiwa. Kisha mtaalamu Matthew Garrett akaonyesha kwamba hata programu ya kawaida ya Windows ingeweza kuziua: ilitosha kujaza ile nafasi ndogo ambayo famwea inahifadhia mipangilio yake, na mashine haiwaki tena. Tangu hapo Linux inakataa kuandika humo ikiwa nafasi itakayobaki ni chini ya kilobaiti 5.

Kwa Uvira hatari iliyo karibu zaidi ni kubadilisha famwea yenyewe. Kazi hiyo inafuta chipu na kuiandika upya kwa dakika chache, na umeme ukikatika katikati, mashine inabaki bila programu ya kuamkia. Siku hizi Windows inaweza kuileta famwea mpya pamoja na masasisho yake ya kawaida. Mtu anaona skrini nyeusi yenye nembo ya kampuni na mstari unaosogea polepole, anadhani mashine imeganda, anashikilia kitufe cha kuzima. Ameiua mwenyewe.

Famwea inaweza kudai chaja na batri yenye chaji kabla ya kuanza, lakini batri iliyotumika nayo ina ripoti yake ya uongo. Asilimia inayoonekana kwenye skrini ni hesabu iliyofanywa na chipu ndani ya batri. Windows inairudia tu. Ndiyo maana laptopu inaonyesha 40 na kuzima ghafla. Amri ya powercfg /batteryreport katika Windows inaonyesha batri iliundwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Jaribio la mkono linaaminika zaidi: ijae, chaja ichomolewe, mashine ifanye kazi nusu saa. Isipovumilia, isiguswe BIOS yake, hata kama kuna paneli za jua juu ya paa.

Aliyekwisha kuua famwea bado ana tumaini. Baadhi ya laptopu za HP na Dell zinahifadhi nakala ya dharura. Kwa nyingine, fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu anaweza kurudisha faili la modeli ileile. Hiyo ni kazi ya kulipia, lakini bado si bei ya carte mère.

Suala hili halitaondoka. Msaada wa Windows 10 ulipangiwa kwisha Oktoba 14, 2025, na vyeti vya 2011 ambavyo UEFI inavitumia kuhakikisha kwamba Windows inayowaka ni ya kweli vinaanza kwisha muda Juni 2026. Vile vipya vinapaswa kuandikwa ndani ya famwea, na famwea za mashine nyingi kuukuu hakuna tena anayezitunza. Mashine isiyovipata itaendelea kuwaka, kwa sababu famwea kwa kawaida haiangalii tarehe ya cheti hicho. Waliounda utaratibu huo walijua kwamba saa ya kompyuta haiaminiki. Itakachokosa ni kinga mpya za hatua ya kuwaka.

Kwa mwenye sekretariati aliyeamkia 2012, kazi ya kwanza ni kuangalia simu na kurekebisha tarehe kwa mkono, pamoja na eneo la saa, maana mashine iliyonunuliwa Kigoma huja na saa ya Tanzania iliyo saa moja mbele. Kisha azime, achomoe ukutani, na kama ni laptopu atoe na batri inayotoka, asubiri dakika kumi na kuwasha. Ikirudi 2012, ni pile. Pile mpya ikipimwa inaonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Katika laptopu nyingi iko ndani ya kifuniko, imefungwa kwa plastiki na ina waya wake mfupi, hivyo si ya kung'oa kwa kisu.

Kabla ya kuitoa, kama mashine bado inakumbuka mipangilio yake, apige picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS, hasa ule wa diski. Pile ikitoka, mipangilio inaweza kurudi ile ya kiwandani. Namna ya kusoma diski ikibadilika, Windows inaweza kugoma na skrini ya bluu, na fundi asiyejua atasema diski nayo imekufa. Na kwenye vyeti, badala ya tarehe inayojijaza, katika Excel abonyeze Ctrl pamoja na nukta-mkato: tarehe inaandikwa mara moja na haibadiliki tena. Kabla ya kuchapisha, aitazame kwanza pembeni ya ile ya simu.